Mali ya Ugenini Isiandikwe kwa Jina la Kuazima

Miongoni mwa mambo yanayoletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Kate, ndoa na talaka ndizo zilizokuwa zikichukua nafasi kubwa. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jambo jingine, nalo ni mali iliyonunuliwa na mtu katika nchi ambayo yeye si raia wake. Huenda msomaji akastaajabu kwamba kijiji cha wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, juu ya uwanda wa Ufipa, wilaya ya Nkasi, kina mashauri ya namna hiyo. Lakini yapo, na yameingia kwetu kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni biashara. Ukitoka Sumbawanga ukapita Matai unafika Kasesya, na ng'ambo ya mpaka ni Mbala, nchini Zambia. Wafanyabiashara wa dagaa wa Kirando, Kipili na Kasanga nao huvuka Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Mpulungu. Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka ule uliowekwa na Wajerumani na Waingereza, wanasalimiana kwa lugha moja na wanaoana. Kwa hiyo mtu wa Rukwa hununua kiwanja upande wa pili akijihisi amenunua kijiji cha jirani.

Mlango wa pili ni watoto wetu waliokwenda masomoni au kutafuta riziki Ulaya, Marekani na kwingineko, wakapata uraia wa huko, kisha wakatuma fedha kununua ardhi mahali walipozaliwa. Huyu wa kwanza anajua kuwa ni mgeni ila anajisahau. Huyu wa pili hajui kabisa kwamba amekuwa mgeni, na ndiye anayetutia huruma zaidi.

Sheria ya nchi yetu katika hili iko wazi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hayo yamo katika Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kinasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa utaratibu wa sheria za uwekezaji. Nyumba ya kumweka mama haimo katika uwekezaji huo. Tena Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: anayeupata wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja, utaona kwamba siku kijana anapokula kiapo cha uraia ughaibuni, siku hiyo hiyo uwezo wake wa kununua shamba hapa Kate unaondoka, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa.

Tumelishuhudia jambo hili kwa macho yetu, na tunalieleza bila kutaja jina la mtu ili kuhifadhi heshima ya familia. Kijana mmoja wa kwetu aliondoka miaka mingi iliyopita, akaishi katika nchi moja ya Ulaya, akabadili pasipoti. Mama yake alibaki hapa kijijini, amekuwa mtu mzima mwenye maradhi yanayomtaka awe karibu na hospitali. Mwanawe akaazimia kumnunulia nyumba Sumbawanga mjini. Akaambiwa na jamaa kwamba yeye hawezi kuandikwa, basi amtumie mtoto wa baba yake mdogo, mtu mwaminifu, aandikwe yeye. Fedha zikatumwa kwa awamu, nyumba ikanunuliwa, hati ikatoka kwa jina la yule ndugu. Ndugu akahamia humo na mkewe na watoto wao wanne, na bibi akapewa chumba. Hakuna aliyedhulumiwa wala aliyelalamika. Kisha yule ndugu akaugua kwa siku chache na kufariki dunia, Allah amrehemu.

Mirathi ilipofunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, nyumba ile iliorodheshwa kuwa mali ya marehemu, kwa kuwa hati ilisema hivyo. Yule kaka wa Ulaya akapiga simu kwa kamati akilia. Alitaka tusimame tuseme kwamba nyumba ni yake. Mjane, na hili tulitaje kwa kumsifu, alisema mbele yetu bila kuulizwa mara mbili kwamba mumewe alikuwa akimwambia nyumba ni ya kaka yake. Lakini ndugu wa marehemu walikataa, wakasema watoto ni mayatima na hati ni ya baba yao. Risiti za fedha zilizotumwa zilipotafutwa, nyingi ziliandikwa kuwa ni za matumizi ya nyumbani. Mkataba wa mauzo haukumtaja mnunuzi mwingine yeyote zaidi ya marehemu.

Tulikaa vikao vitatu. Kwa upande wa fiqhi, jambo hili lina sura ya wakala, yaani mtu kumnunulia mwenzake kwa niaba yake, na kinachonunuliwa na wakala ni cha yule aliyemtuma. Kwa hiyo baina yake na Mola wake, huenda kaka yule alikuwa na haki. Lakini wakala humalizika kwa kifo cha wakala, na kanuni ya hukumu ni kwamba anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekana huapa. Aliyekufa haapi. Wapo wanaoufananisha mpango wa namna hii na kile ambacho wanazuoni hukiita baiu-taljia, mauzo ya kuonyesha watu tu huku wahusika wakiwa na makubaliano mengine moyoni. Wengine wameyahesabu mauzo hayo kuwa batili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mkataba wa dhahiri ndio unaohesabiwa. Basi hata mtu angelipeleka shauri lake kwa wanazuoni badala ya mahakama, jina la kuazima lisingemlinda.

Ugumu mwingine ulikuwa mayatima wenyewe. Mjane angeweza kusamehe fungu lake, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mafungu ya watoto hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyatoa, si mama yao, si ami zao, wala si kamati ya msikiti. Msimamizi wa mali ya yatima huitunza na kuikuza, hana ruhusa ya kuigawa sadaka. Hapo tukakumbuka namna Mtume (SAW) alivyoipata ardhi ya msikiti wake alipohamia Madina. Kiwanja kile cha kuanikia tende kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, naye akakataa mpaka akakinunua kwa thamani. Alikuwa muhajiri katika mji usio wake, na watu wa mji ule walikuwa tayari kumpa chochote, lakini alitaka kila mtu ajue nani ameuza, nani amenunua na kwa kiasi gani.

Wakili aliyeendewa na kaka yule alimweleza waziwazi kwamba akienda mahakamani itambidi athibitishe jambo ambalo sheria inamkataza, yaani kwamba yeye asiye raia ndiye aliyeinunua ardhi kupitia jina la mwingine. Ushahidi wake ungekuwa ndio unaomhukumu. Kamati nayo ilitoa ushahidi wa kile ilichokijua na haikuongeza neno: kwamba fedha zilikuwa zikija kutoka kwake, na kwamba mjane amekiri aliyoyasikia. Hatukusema nyumba ni ya fulani, kwa sababu hatukuwapo wakati wa mkataba. Mwishowe yule kaka aliamua mwenyewe kuacha madai, akasema hataki kusimama Siku ya Kiyama akiwa upande mmoja na mayatima wakiwa upande wa pili. Mama yake yumo bado katika chumba kile. Yumo kwa wema wa mjane, hana haki inayoandikika. Watoto wakikua wakataka kuiuza nyumba, bibi hatakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Ndugu zetu Waislamu, njia za halali zilikuwepo. Kijana huyu angeweza kumpa mama yake fedha ziwe hiba ya kweli, mama akanunua kwa jina lake, akakabidhiwa nyumba, ikawa mali yake mbele ya sheria na mbele ya Allah. Hiba ya namna hiyo haina udanganyifu ndani yake, ila mtoaji lazima akubali kwamba ametoa. Mama akifa, mali ni ya warithi wake wote kwa mafungu yao, na mtoaji hawezi kusema kuwa ilikuwa yake. Angeweza pia kumpangishia nyumba kwa mkataba wa maandishi wa muda mrefu, uliolipiwa na kushuhudiwa. Na mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania. Mwenye kutaka kupita njia hiyo aanzie ubalozini au Idara ya Uhamiaji, aishike hadhi hiyo mkononi ikiwa imeandikwa, ndipo atume fedha. Kutuma kwanza na kuuliza baadaye ndiko kunakowatia watu hasarani.

Sasa tuvuke mpaka. Zambia nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995, imeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais, na mwenye hati hupewa kwa muda usiozidi miaka 99. Asiye raia hapewi ila akiwa katika makundi yaliyotajwa na sheria. Miongoni mwao ni mkaazi wa kudumu, mwekezaji aliyekubaliwa chini ya sheria za uwekezaji, mwenye idhini ya Rais kwa maandishi, kampuni ambayo hisa za wageni hazifiki robo, taasisi ya dini au ya hisani iliyosajiliwa na kuidhinishwa na waziri, aliyerithi, na mpangaji ambaye muda wake hauzidi miaka 5. Hili la mwisho wafanyabiashara wetu walizingatie sana. Mwenye duka Mbala au ghala la dagaa Mpulungu anaweza kupanga kihalali kwa miaka 5 bila kumwazima mtu jina. Kupanga hakumpunguzii mtu heshima, na kunamwachia mtaji wa kuendesha biashara.

Aliyemo katika mojawapo ya makundi hayo na anataka kununua, ajue kwamba barua ya chifu au ya mkuu wa kijiji pekee si hati miliki. Ardhi ya kimila iko chini ya machifu na ina taratibu zake. Ardhi yenye hati hupekuliwa katika Masjala ya Ardhi na Hati, kujua mmiliki aliyesajiliwa ni nani, na kama mali imewekwa rehani au ina kesi. Mkataba huandikwa na wakili wa Zambia. Kabla ya kuhamisha umiliki ni lazima kupata ridhaa ya serikali, na kodi ya uhamisho wa mali hulipwa kwa mamlaka ya mapato ya huko. Mwisho ni kusajili. Anayeishia kwenye mkataba na kupeana mikono hajamaliza kununua.

Wala Zambia haiko peke yake. Kenya, kwa ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda nayo humpa mgeni kukodi kwa muda kama huo. Katika Kongo, sheria ya mwaka 1973 imeifanya ardhi kuwa ya dola, na haki ya kudumu ni ya Wakongo pekee, mgeni akipewa haki ya muda. Oman, walikojaa ndugu zetu wasemao Kiswahili, ilitoa amri ya kifalme namba 12 ya mwaka 2006 kuwaruhusu wageni kumiliki nyumba katika maeneo ya miji ya utalii yaliyotengwa. Dubai, kwa sheria namba 7 ya mwaka huo huo, huwaruhusu wageni katika maeneo yaliyoteuliwa na mtawala. Hata Zanzibar, ndani ya Jamhuri yetu moja, ina sheria zake za ardhi, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Kila nchi ina mlango wake, na kila mlango una ufunguo wake. Asitokee mtu akadhani kwamba kwa kuwa Waislamu ni ndugu, basi ardhi ya nchi ya Kiislamu iko wazi kwa kila asemaye shahada.

Kwa hiyo tunawausia wasomaji utaratibu ufuatao, nchi yoyote iwayo. Kwanza, mtu ajiulize yeye ni nani mbele ya sheria ya nchi anayonunua: raia, mkaazi au mgeni. Pili, ajue ardhi ni ya namna gani: ya kijiji, ya mji, ya chifu au ya serikali. Hapa kwetu ardhi ya kijiji haihamishwi bila kikao cha halmashauri ya kijiji chenye muhtasari, na majirani wa mipaka wakiwepo. Tatu, ufanywe upekuzi rasmi wa hati kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Nne, awepo wakili aliyesajiliwa katika nchi hiyo, anayelipwa na mnunuzi. Wakili anayelipwa na muuzaji ni wa muuzaji. Tano, kama mnunuzi yuko mbali, amteue mwakilishi kwa hati ya uwakilishi wa kisheria, iliyothibitishwa na ofisa mwenye mamlaka au ubalozi, ikimtaja aliyetuma na aliyetumwa na mipaka ya kazi yenyewe. Sita, fedha zipite benki, na maelezo ya malipo yaseme kweli: kiwanja kiandikwe kiwanja. Saba, kodi zilipwe na umiliki usajiliwe. Nane, wasia uandikwe.

Hilo la wasia tulifafanue. Zambia ina sheria ya mirathi ya mwaka 1989 kwa wasioacha wasia, ambayo kwa aliyefanya nchi ile kuwa makazi yake huwapa watoto asilimia 50, mume au mke 20, wazazi 20 na wategemezi 10. Msomaji aliyesoma faraidhi anaona mara moja kwamba huo si mgawanyo wa Sura An-Nisaa. Muislamu aliyehamia huko na kumiliki mali kihalali, asipoandika wasia unaotambulika kisheria, warithi wake watagawiwa kwa namna ambayo hakuiamini maishani mwake.

Lipo pia la msikiti wenyewe. Mtu mmoja mwema anayeishi nje alitaka kununua shamba lililo karibu na msikiti wetu liwe waqfu, mazao yake yasaidie madrasa. Kwa kutaka mambo yaende haraka, aliomba liandikwe kwa jina la katibu. Tulimshukuru na kumwombea, kisha tukakataa. Katibu hufa, huhama na huacha warithi, na kamati yenyewe si mtu mbele ya sheria. Mali ya waqfu huandikwa kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na RITA, na kwa ardhi ya kijiji lazima halmashauri ya kijiji iridhie. Bwana Umar (RA) alipoweka waqfu ardhi yake ya Khaybar, masharti yalikuwa kwamba haiuzwi, haitolewi hiba na hairithiwi. Ardhi iliyo kwa jina la mtu mmoja inaweza kufanyiwa yote matatu wiki moja baada ya mazishi yake. Mfadhili yule alikasirika mwanzoni, na shauri lake limechukua miezi mingi kuliko alivyotaka. Sasa liko mbele ya wadhamini, linakwenda kwa hatua zake.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudiza katika madeni na biashara. Tumeisoma utotoni madrasani, tumeihifadhi, na tunaisoma katika swala. Lakini ndugu wawili wanapopeana mamilioni, huona aibu kuandikiana, wakidhani karatasi inavunja undugu. Tuliyoyaona ni kinyume chake. Yule marehemu alikuwa mwaminifu mpaka mwisho wa uhai wake, na uaminifu wake haukuwa na mahali pa kukaa baada yake. Laiti ungeandikwa kwa njia ya halali, bibi yule angekuwa leo anaishi katika nyumba iliyo yake.

Tunamuomba Allah (SW) atuwafikishe kutafuta mali kwa njia zilizo wazi, atulindie wazee wetu na mayatima wetu, na ajaalie amana zetu zibaki salama hata baada ya sisi kuondoka. Wallahu a'lam.